Hodi ya Tatu Kijumbi

...mihuri sita kati ya saba, nyie! Sita! Nyumba yangu, niliyoichora kwa mkono wangu huuhuu, imepita kwa wakubwa wote, hadi kwa yule bwana wa ghorofa ya tisa ambaye tangu aajiriwe hajapitisha kitu isipokuwa muda. Ngojeni nikae. Hapana, acheni nisimame, nikikaa nitaruka mambo.

Mnajua nimemaliza chuo mwaka juzi, usanifu majengo, miaka mitano mizima, na mwezi wa tatu mwaka huu serikali ya nchi yetu ikanichukua. Jina la nchi silitaji. Kuna waraka umetoka, eti jina limetumika mno kwenye hotuba mpaka limechakaa, kwa hiyo limepumzishwa lirudishe nguvu. Kwa sasa tunasema "hapa kwetu", na polisi wanaelewa. Mimi nikapangiwa Idara ya Makazi ya Viongozi Wenye Huruma na Mazingira. Tuko watu kumi na wanane na penseli mbili. Hiyo ni kuokoa miti.

Sasa kazi yangu ya kwanza, mwenzenu, si choo cha shule wala stoo ya mbolea. Ni nyumba ya mapumziko ya Mheshimiwa Kondoro, Waziri wa Mazingira na Machweo. Nyumba ya kisasa, rafiki wa mazingira, kwenye ufukwe wa faragha, ambako Mheshimiwa atakuwa anakwenda Ijumaa hadi Jumanne kuyaonea mazingira uchungu bila kusumbuliwa. Niliitwa ofisini kwake. Nimevaa viatu vya kuazima. Akanitazama, akafumba macho, akasema, "Binti, nataka nyumba ambayo ardhi ikiulizwa kama imejengwa, iseme haijui."

Nililia. Chuoni hakuna mwalimu aliyewahi kusema kitu kizuri hivyo.

Masharti yakaja kwa faili. Mbao ziwe za miti iliyojifia yenyewe kwa uzee, na kila mti uwe na cheti cha kifo kilichosainiwa na daktari. Mawe yasipasuliwe, yashawishiwe. Ukuta wa kioo upande wote wa machweo, ili Mheshimiwa asipitwe na kazi za wizara. Paa lipandwe nyasi, na mtu wa kumwagilia nyasi avae kijani asionekane. Kuoga ni maji ya mvua tu, na kwa sababu mvua ya hapa kwetu haina nidhamu, lori litaleta maji kutoka mjini na kuyarusha juu ya paa yashuke kama mvua. Jenereta nikaliweka kijiji cha pili, kilomita nne kutoka pale, ili moshi uhesabiwe kuwa ni wa wanakijiji. Hilo nililibuni mwenyewe, na Mkurugenzi wetu, Bwana Kipande, alisimama akanipigia makofi.

Ila sheria yetu ni kali, isikieni. Nyumba haiwezi kuitwa rafiki wa mazingira kama kuna watu pale, kwa sababu utafiti umeonyesha mchafuzi mkubwa wa mazingira ni mtu. Nikauliza, na Mheshimiwa je? Nikajibiwa kwa upole kwamba Mheshimiwa ni kiongozi. Ndo maana muhuri wa saba, wa mwisho, unaitwa Muhuri wa Faragha. Huo unagongwa ikishathibitishwa kwamba ufukweni hakuna mtu, au kama yupo basi hana neno.

Na huo ndo uliobaki. Na mtu aliyeko kwenye hiyo faragha ni shangazi yangu.

Msinitazame hivyo. Mimi nilichora kwa kufuata ramani ya serikali, na kwenye ramani pale pameandikwa Eneo Namba Arobaini, peupe, na kaa mmoja kachorwa pembeni kwa urembo. Nitajuaje? Siku tunakwenda kuona kiwanja, gari likakata kona kwenye miti ya mivinje, nikaona kanga imeanikwa, nikaona mwani umetandazwa juu ya kichanja, nikaona mlango wa samawati niliopaka rangi mwenyewe nikiwa darasa la tano. Nikapiga kelele kwa furaha kwamba jamani, hapa Kijumbi, hapa kwa shangazi Mwanakheri! Gari zima likanyamaza. Nikadhani wamefurahi hadi wamekosa la kusema.

Shangazi Mwanakheri ni dada yake baba. Ndiye aliyenilea toka darasa la pili. Analima mwani: maji yakikupwa anaingia nao mbali huko, anafunga miche kwenye kamba, anarudi mgongo umepinda kama ndoano, anaanika, anauza. Huo mwani ndo ulionisomesha. Nyumba yake ni ya udongo na makuti, vyumba viwili, upepo unaingia huku unatokea kule, taa yake ya jua ameipachika juu ya banda la kuku. Mkurugenzi aliitazama, akasikitika, akasema wananchi wengine hawana kabisa elimu ya mazingira.

Sasa mjue hapa kwetu hatunyang'anyi mtu ardhi. Bwana Kipande alitueleza palepale mchangani, kofia kaivua, sauti kaishusha. "Nchi za wenzetu wanatuma tingatinga," akasema. "Sisi ni watu wa adabu. Hatuingii kwa mtu bila hodi."

Ndo Kanuni ya Hodi Tatu hiyo. Zinapigwa siku tatu tofauti. Tena kuna mtu maalumu, ana magwanda, ana beji yenye picha ya mlango: Mpiga Hodi Mkuu wa Serikali, Bwana Mshindo. Baba mtu mzima, mpole, ana kikohozi. Asipojibiwa na mtu, anaandika kwenye fomu kwamba hakuna mtu.

Hodi ya kwanza ilipigwa saa nne asubuhi. Maji yamekupwa, bahari imekwenda mbali, na shangazi yuko huko mbali nayo, ameinama, ametupa mgongo. Bwana Mshindo akasafisha koo, akasema hodi kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Akangoja kidogo. Akaandika: Kimya.

Mimi nikasema, samahani Bwana Mkurugenzi, yule pale ni shangazi yangu. Bwana Kipande akaomba darubini, akaangalia kwa muda, kwa haki kabisa.

"Namwona," akasema. "Lakini yuko majini. Majini ni Wizara ya Samaki."

Birika lilikuwa jikoni linachemka. Likaandikwa moshi wa asili. Kuku waliingia kwenye fomu kama ndege wa pwani, wanane, hawakimbii binadamu, ishara kwamba hawajawahi kumwona. Tukapanda gari.

Jumamosi nikaenda kumwambia. Nilimkuta anageuza mwani, nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, mikono inafanya kazi. Nikamweleza yote: nyumba ya Mheshimiwa, mihuri, hodi. Nikamwambia na habari ya Ngwatu, maana wanaopisha miradi wanapelekwa Ngwatu, safari ya siku mbili kutoka baharini, na kwa kuwa serikali inajali, kila mtu wa pwani anapewa chumvi kilo mbili atengenezee bahari yake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza tulikuja wangapi. Nikasema kumi na mmoja.

"Watu kumi na mmoja wamefika kwangu wakaondoka na midomo mikavu," akasema. "Na wewe ulikuwepo, Raya. Na birika unajua linapokaa."

Hilo ndo lililomuuma kwanza. La Ngwatu alilijibu baadaye, tukiwa tunabeba mwani. Alisema mumewe kazikwa pale nyuma ya mvinje wa tatu, na yeye hana mpango wa kumwacha na waziri. Alisema mwani haulimwi kwa kilo mbili za chumvi. Alisema ana miaka sitini na nne na kazi nyingine haijui. Wala hakupandisha sauti.

Mimi si msomi? Nikaitoa ile kanuni kwenye mkoba, nikaisoma pale juu ya jiwe. Ukurasa wa tatu uko wazi: hodi ikijibiwa, mtu yupo. Nikaruka juu. Nikamwambia shangazi, dawa tumeipata, wakija safari hii ujibu, tena ujibu kwa nguvu, dunia nzima isikie. Akaniuliza ni nani atakayepigiwa hodi asijibu. Nikamwambia wewe jibu tu.

Nyie, alijibu!

Hodi ya pili walimkuta amevaa kanga mpya doti nzima, amekaa mlangoni tangu alfajiri, mwani wa siku hiyo kauacha majini. Bwana Mshindo hata hajamaliza kufungua mdomo, keshakaribishwa. Karibuni baba zangu, karibuni ndani, jua kali hilo. Mikeka imetandikwa. Chai ya tangawizi, vitumbua vya iliki, pweza wa nazi kwa wenye nafasi, na wote walikuwa na nafasi. Bwana Mshindo alikula vitumbua tisa, kisha akageukia ukutani akajifuta macho kwa beji. Miaka ishirini na miwili ya kazi, akaniambia, watu wanajificha au wanakimbia. Hajawahi kuambiwa akae.

Nilikuwa nacheka peke yangu kwa ushindi. Nikachungulia fomu begani kwa Bwana Kipande. Alikuwa ameandika: Mwenyeji yupo. Ameukaribisha mradi kwa moyo mkunjufu, pamoja na vitumbua.

Nikamwambia, Bwana Mkurugenzi, shangazi amekaribisha watu, hakukaribisha mradi. Akameza kwanza. Ana adabu, hasemi na chakula mdomoni.

"Binti, umesoma. Mtu akikwambia karibu, kinachofuata ni nini?"

Nikasema, ni kuingia.

"Basi tunaingia."

Nilitembea mpaka kwenye maji nikarudi, kichwa kinafanya kazi. Usipojibu, hupo. Ukijibu, umekubali. Nikamuuliza Mkurugenzi, sasa mtu ambaye yupo na hataki, anasemaje? Wala hakukasirika, nyie, alifurahi kuulizwa. Akasema sheria ya hapa kwetu ni ya huruma, imemfikiria hata huyo. Akanionyesha kifungu cha kumi na nne, maandishi madogo kama mayai ya chawa: kwenye hodi ya tatu, mwenyeji asiyeridhika atajibu kwa kusema, Siwakaribishi, rudini. Akisema hayo tu, mradi unakufa palepale, na waziri mwenyewe hana la kufanya.

Nikauliza ni wangapi wameshakitumia.

"Toka uhuru, hakuna hata mmoja," akasema, na sauti ilimjaa fahari. "Nchi nzima. Tunajivunia wananchi wetu."

Basi nikaomba likizo ya dharura, nikahamia Kijumbi kumfundisha shangazi maneno mawili. Maneno mawili tu! Mimi nasimama nje, nakohoa kama Bwana Mshindo, nabisha hodi. Yeye yuko ndani ajibu. Siku ya kwanza alisema "karibu" mara kumi na nne. Ya kumi na tano alijiziba mdomo kwa mkono, ikatokea puani. Siku ya pili alifika mpaka Siwakaribishi, rudini, kisha akaongeza, mkishakula. Nikamwambia hilo la mkishakula halimo kwenye kifungu. Akasema basi kifungu kimeandikwa na mtu asiye na mama.

Siku ya tatu aligoma. Akaniuliza kama kweli mimi, niliyelelewa na yeye, namwambia mtu mzima amfukuze mtu mzima mwenzake aliyesimama juani, tena mgonjwa, ana kikohozi kile. Nikamwambia, shangazi, huyo mgonjwa anakupeleka Ngwatu. Akaniambia ameshasikia, sasa nimpishe amwage maji ya kuku.

Siku ya nne aliamka mapema. Alikwenda nyuma ya mvinje wa tatu, akakaa huko kitambo, akarudi, akaingia ndani, akaniambia haya, nenda nje. Nikasimama. Nikapiga hodi. Nikasikia kutoka gizani mle ndani, polepole, sauti nisiyoijua:

"Siwakaribishi. Rudini."

Naapa mimi mwenyewe nilitaka kurudi mjini. Nikabaki pale juani sijui niende wapi, mpaka akatoka, akaketi kizingitini.

"Mdomo umekuwa mchungu," akasema. "Nipe maji."

Lakini ameweza! Mnaelewa? Mtu wa kwanza toka uhuru! Nilimkumbatia, nikacheza pale mchangani, nikawachezea na kuku. Mheshimiwa atafute faragha nyingine, nyumba yangu nitaichora upya hata juu ya mlima, nina miaka ishirini na tano, nina nguvu.

Sasa mnanijua mimi. Mnajua nikiwa na habari tumbo linaniuma. Jumatatu nimefika ofisini, watu wanakunywa chai, na ni wenzangu, tunagawana penseli. Nikasema. Nikawaambia msione vile, shangazi yangu ameiva, kifungu cha kumi na nne anakitoa kama askari, subirini hodi ya tatu mtasikia. Nikawaigizia na sauti. Ofisi nzima ikapiga makofi. Bwana Kipande alipiga makofi kuliko wote, kisha akatoa kalamu akaandika kitu kidogo kwenye kiganja.

Mchana akaniita chumba cha mitambo, eti kuna kipaza sauti kipya, nisaidie kukijaribu. Niseme hodi. Nikasema. Niseme tena, kwa furaha. Sasa kama mtu aliyechoka. Sasa kama mtu aliyetoka safari, ana njaa, hajaonana na wake siku nyingi. Nikadhani ni kwa ajili ya sherehe ya kufungua nyumba, nikajitahidi sana. Fundi alisema hajawahi kusikia hodi ya njaa iliyonyooka vile.

Na leo asubuhi ndo barua. Nimepandishwa cheo! Miezi saba kazini! Bwana Mshindo ameomba likizo. Alimwambia Mkurugenzi kwamba mlango ule hawezi kuurudia, na alipoulizwa sababu akasema vitumbua. Kwa hiyo, kwa mamlaka aliyopewa na kadhalika na kadhalika, mimi ni Kaimu Mpiga Hodi Mkuu wa Serikali kuanzia kesho, kituo cha kwanza cha kazi Kijumbi, saa nne asubuhi. Beji ninayo, ipo kwenye mkoba, sijaivaa bado, pini yake inachoma.

Nikamwambia Bwana Kipande siwezi. Alinielewa vizuri, akaniletea hata kiti. Akasema serikali hailazimishi mtu. Nikiugua, nikiacha kazi, nikipotea, si neno, sauti yangu wanayo, watasimama nayo pale mlangoni kwenye spika. Nikafikiria nitapiga hodi ya kunong'ona, asisikie. Nikakumbuka hiyo ni kimya, na kimya maana yake hakuna mtu. Nikafikiria kubadilisha sauti. Lakini mgeni asiyemjua ndo atampikia zaidi. Nimelipigia hili hesabu mpaka gari likanifikisha Kijumbi, maana nilikwenda, nimetoka huko sasa hivi, ndo mchanga huu mnaouona miguuni.

Nilimkuta anaosha kamba za mwani kwa ajili ya wiki ijayo. Nikamwambia, shangazi, kesho saa nne hodi ni ileile, ila atakayeipiga ni mimi. Ujibu vilevile ulivyojibu siku ile. Usibadilishe hata neno. Jifanye hunijui. Ukinikaribisha mimi, wanaingia wote.

Akaacha kamba. Alinitazama, jamani, alinitazama mpaka nikaanza kufuta uso nikidhani nina kitu. Nikamuuliza kama amenisikia. Akasema amesikia, si kiziwi. Nikasema sasa niambie, kesho nikipiga hodi utasemaje?

"Saa nne," akasema. "Utakuwa umekula?"

Nikamwambia ndiyo, nitakuwa nimekula, nitakula mjini, nitakula sana. Akainamia kamba zake. Akasema chakula cha mjini anakijua.

Haya, mimi naondoka, gari la idara linanipitia mapema na sare bado haijapigwa pasi. Mihuri sita, msisahau, si kitu kidogo kwa mtoto wa kike mwenye miezi saba kazini. Mkiniona asubuhi barabarani msinisimamishe. Kesho jioni nitakuja nikae hapahapa, na alivyonijibu nitawaambia neno kwa neno, kama kati yenu yupo atakayetaka kuniuliza.